Hesabu ya Nyembe

Dukani Missoula, mwezi wa kumi,
nilisimama mbele ya ukuta wa visu
kama bwana harusi aliyesahau sura ya mchumba.
Vya mpini wa pembe, vya ala ya ngozi,
vizito, vya kurithishana.
Darla, ninayefua naye mashuka ya hospitali,
akanivuta mkono: Achana na mapambo, Wilondja.
Akanipa kitu chepesi, mpini wa plastiki
wenye rangi ya chungwa, hauna haiba hata kidogo,
na pakiti ya nyembe kumi na mbili.
Hii utaiona kwenye theluji, alisema.
Cheusi utakiachia mlima.

Nikacheka. Kisu gani hiki kisichonolewa?
Kwetu Fizi baba alikuwa nacho kimoja,
kilichonolewa mpaka kikawa chembamba kama jani la mchaichai,
na kabla ya kuchinja tulilisikiliza jiwe,
shwa, shwa, shwa.
Mbuzi naye alisikia.
Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, tuliambiwa.
Hatukuambiwa kwamba makali huuzwa kwa pakiti,
dola ishirini na tatu.

Ayala (wenyeji humwita elki, mimi sina jina jingine)
alianguka saa mbili asubuhi juu ya bonde la Blackfoot,
mkubwa kuliko fahali wa mjomba,
mvuke ukimpanda mgongoni.
Risasi ilikuwa ya Darla. Mikono ikawa yangu.

Makali yatazame juu. Usichimbe.
Vidole viwili chini ya ngozi, vikiinua
kama unavyoinua neti ya mtoto aliyelala,
wembe katikati yake, kutoka kinenani hadi kidarini.
Tumbo usiliguse;
ukilitoboa utakula majani aliyoyala yeye.

Ngozi ilifunguka bila kelele.
Ulaini ule ndio ulionitisha.
Kisu cha baba kilikuwa kinakuambia kilipo;
wembe huu hausemi kitu
mpaka uone damu usijue ni ya nani.

Manyoya ya shingo yaliumaliza wa kwanza.
Wa pili ukafia kwenye tope lililoganda ubavuni.
Wa tatu sikumbuki.
Kila mara Darla alitoa koleo:
Usibadilishe kwa vidole vyenye mafuta.
Akanionyesha gumba lake, mshono wa mwaka alioharakisha.
Uliokwisha ukaingia kwenye kopo la dawa ya shinikizo,
kling.

Kwenye nyonga nikakosea.
Nilitaka kulifungua fundo kwa kupinda mkono,
mazoea ya chuma kinene.
Tik.
Sauti ndogo kuliko ya kiberiti.
Mkononi mpini, na nusu ya wembe.

Darla hakutukana. Alisema: Hesabu.
Kopo, tatu. Pakiti, nane.
Mpini, nusu.
Tukapiga magoti, theluji ikianza,
kunguru wawili msonobarini wakingoja zamu yao,
tukapapasa nyama kwa ncha za vidole
kama mama anayetafuta miba kwenye samaki wa mtoto.
Nilimfikiria Mmunga, jino lake la kwanza limetoka wiki ile.
Nikawafikiria hata kunguru.
Saa nzima. Miguu ilikufa ganzi.
Kidole changu kiliupata kabla ya jicho.
Sasa nami nina mshono.

Kopo nililipeleka kazini, sanduku la sindano chafu,
likanguruma kidogo na kutulia.
Msimu huu nabeba viwili:
wembe kwa ngozi, wembe kwa nyama laini;
kwa viungo, kisu kifupi kinene
cha dola mbili, duka la mitumba, mpini umefungwa utepe.
Jumamosi usiku nilikaa jikoni na jiwe la mto.
Shwa. Shwa.
Nikahisi mtu nyuma yangu.
Asende, mikono kiunoni:
Nolea nje, mtoto amelala.

Nje ilikuwa chini ya sifuri kumi na moja.
Nikavaa koti.