Sanduku la Saa Kumi na Moja

Nilipolikabidhi pale Nairobi
lilipima kilo ishirini na mbili na nusu.
Dada wa kaunta akalivisha karatasi shingoni,
KIS, na namba ndefu kama ya mahabusu,
akasema: ndege ya saa kumi na moja jioni,
mtakutana Kisumu.
Likalala ubavu, likapenya pazia la mipira
bila kugeuka kuniangalia.

Saa saba kasorobo Achola akapiga simu.
Hakusema neno.
Nilisikia kiti cha chuma kikiburutwa,
na mtu, mbali, akimwita mama yetu kwa jina la usichanani.

Nikarudi kaunta. Nibadilishie.
Ipo ya saa nane, kiti kimoja, ongeza elfu tatu na mia nne.
Na sanduku?
Akatazama kioo chake, akajikuna nyusi kwa kalamu.
Limeshapangiwa ile nyingine.
Na mzigo hauruki bila mwenyewe;
wakikukosa kitini watalishusha,
litalala hapa, litakuja kesho.
Alisema kwa upole,
kama anayemwelezea mzazi habari za mtoto wa bweni.

Nikaruka mikono mitupu.
Miwa ikapita chini, kisha mpunga wa Ahero,
kisha ziwa,
gugumaji limejikunja ghubani
mfano wa mkeka ambao hakuna aliyeutandika.
Jirani yangu akauliza kama naenda nyumbani likizo.
Nikaitikia ndiyo. Ilikuwa rahisi zaidi.

Kajulu walikuwa wamekwisha kukoka moto uani.
Shangazi Nyangweso aliniangalia mikono, halafu miguu:
Umekuja hivyo hivyo?
Vitu vinakuja, nikasema,
na Odera akacheka kidogo, akajuta, akaenda kutafuta kuni.

Sikulala. Nililiwaza lile sanduku
limesimama gizani kwenye ghala la watu,
nalo halijapigiwa simu.
Ndani yake baba bado anakohoa.
Anataka ndara pana, namba tisa, maana miguu imevimba.
Anataka pajama za mistari, atasema ni nguo za wafungwa.
Kikombe cha mrija. Mafuta ya karafuu ya mgongo.
Redio ndogo na betri zake nne,
asikilize taarifa ya saa tatu pale wodi namba saba
na kubishana nayo hadi muuguzi aizime.
Biskuti zisizo na sukari,
ambazo angezikataa mbele yangu
na kuzimaliza nikienda kunawa.

Mimi nilibadilisha ndege.
Lenyewe lilishika neno la kwanza tuliloambiwa:
ana nafuu, njoo taratibu.

Asubuhi, uwanjani, Bwana Magero alinipa fomu.
Rangi? Bluu, limekwaruzika.
Alama? Kipande cha leso ya mama kwenye mpini.
Vilivyomo?
Nikaandika: vitu vya mgonjwa.
Thamani?
Hapo kalamu ikakwama,
akainyoosha mkono, akapiga kistari kwa niaba yangu.

Nje korongo wawili walikuwa wakigombania kitu kwenye nyasi za Usoma.
Ndege ya kwanza ikatua. Ukanda ukaanza kukoroma.
Likatoka la nne, baada ya katoni ya vifaranga,
likiwa na lebo mpya nyekundu
iliyoandikwa kwa herufi kubwa: HARAKA.

Niliisoma mara mbili.

Likanifikia, leso ikanigusa kidole, likapita.
Likazunguka nguzo, likapotea nyuma ya mipira,
likarudi.
Watu walibeba yao, wakaondoka.
Mwenye vifaranga akaondoka navyo vikilia.
Magero akaja taratibu, fomu mkononi:
Si lile lako?

Ndilo.

Basi lichukue, nizime mashine.

Ngoja, nikamwambia. Liache lizunguke tena.
Akanitazama. Akatazama saa.
Kisha akakiondoa kidole chake
kwenye kile kitufe.