Msafara wa Saa Kumi na Moja

Binti yangu Ragnhild aliniwekea kitabu ndani ya simu,
akasema, Baba, hiki hakishikwi, kinasikilizwa.
Saa moja na dakika kumi na nane. Mashairi arobaini na moja.
Mtunzi mwenyewe ndiye anayesoma.
Nikamwuliza, mimi na mashairi wapi na wapi?
Akaniangalia vile marehemu mama yake alivyoniangalia
nilipokataa supu kabla ya kuionja.

Basi nipo Haugastøl, kwenye kizuizi,
saa kumi na moja jioni, giza tayari,
lori langu la theluji linanguruma pale pale liliposimama.
Nyuma yangu magari kumi na manne.
Upepo umeifuta barabara
kama mtoto anavyofuta ubao kwa mkono wa sweta.
Kazi yangu ni kutangulia. Yao ni kutoipoteza taa yangu ya manjano.
Kizuizi kinainuka. Nabonyeza.

La kwanza si neno. La kwanza ni pumzi.
Kisha mate yanamezwa. Kisha kiti kinalia.
Halafu mwanamke, Gunnvor Tveitane, mtu wa pwani kwa matamshi yake,
ananieleza, mimi peke yangu,
jinsi alivyouza ng'ombe wa kaka yake aliyefariki,
mmoja mmoja, akambakiza yule wa pembe moja
kwa sababu huyo bado aligeuka
akiitwa kwa sauti ya mtu mwingine.

Sijui mshororo unaishia wapi.
Shuleni tulihesabu mizani kwa vidole chini ya dawati,
na ukingo wa shairi ulionekana, kama ukingo wa shamba.
Huyu anasema *nyumba*, ananyamaza,
nami nabaki kubahatisha: ni kituo, ni kiu,
au amefunua ukurasa?
Barabara nayo leo haina ukingo.
Kuna vijiti tu, kimoja, halafu kingine,
na kilicho kati yake nakiendesha kwa kukisia.

Shairi la tisa lilimezwa na kisu cha lori kikikwaruza barafu.
Nikarudisha nyuma. Likamezwa tena.
Nimebaki na maneno matatu: chumvi, kitasa, Jumanne.
Nikasema basi, hayo ni yangu.

La kumi na saba ni la baba yake, aliyekuwa kiziwi.
Anamwandikia nyuma ya bili ya umeme:
chai iko mezani.
Mzee anachukua kalamu, anaandika chini yake:
nimesikia.

Halafu Gunnvor akanyamaza.

Mguu wangu ukanyanyuka kwenye mafuta. Sikuuamuru.
Arobaini, thelathini, kumi na tano.
Kwenye kioo cha pembeni nikaona taa zao zikisogeleana,
zikipunguza nami, kwa adabu, moja baada ya nyingine:
basi la abiria, lori la samaki linalorudi tupu,
familia yenye skii juu ya paa,
wote wakidhani kuna kulungu, kuna gari lililokwama,
kuna jambo mbele ambalo mwenye taa analiona
na wao hawalioni.

Eivind akaita redioni kutoka kituoni: Kuna nini huko?
Nikamjibu, theluji.

Mwezi wa tatu nikaazima kitabu chenyewe, cha karatasi,
maktaba ya Geilo, jalada la kijivu, chembamba kama leseni.
Nikalitafuta la kumi na saba.
Hapo aliponyamaza hapana nafasi hata ya kupitisha unyasi;
mshororo umebanana na mwenzake,
*nimesikia* halafu moja kwa moja *kikombe*.
Kumbe alikuwa anameza mate tu,
au kilimshika kitu ambacho alipoandika hakikuwepo.
Magari kumi na manne yalisimama karibu yote
kwa ajili ya kitu kisichochapishwa.

Nilipofika la tisa
nikaweka kiganja juu ya ukurasa,
nikafunua.