Sentimita Mbili

Lile la zamani lilizimika Jumapili saa sita,
mkate wa Nekesa ukiwa umevimba upande mmoja tu
kama shavu la mwenye jino bovu.
Miaka kumi na saba lilitutumikia.
Swichi moja tulikuwa tunaigeuza kwa koleo,
mlango wa oveni tuliubana kwa mwiko,
na hatukulalamika.

Nikapima nafasi kwa kamba ya katani,
fundo hapa, fundo pale,
nikaitia mkobani, nikashuka Luthuli.

Gikandi wa duka la ghorofani hakutaka kuiona kamba yangu.
"Mama, hii ni saizi ya kila mtu."
Kila mtu ni nani?
Akacheka, akanipa kiti na soda vuguvugu,
akapunguza elfu mbili kabla sijaomba.
Hapo ndipo ningeshtuka.
Rahisi huvunja upishi, mama alikuwa akisema
akichagua viazi sokoni,
nami nikadhani ni habari ya viazi.
Alipoinama kutafuta kitabu cha risiti
nikaivuta kamba juu ya jiko, nikaivuta kidogo tena.
Ikatosha.

Pesa zilifika kwa simu yake kabla sijapumua.
Jiko liliahidiwa kesho asubuhi.
Kesho hiyo ilikuwa na urefu wa siku tatu.

Ekiru na mwenzake walilipandisha hadi orofa ya nne, Umoja,
wakilisihi kama ndama aliyegoma kuvuka mto.
Kwenye kona ya orofa ya pili likakwama.
Majirani sita walitoka na ushauri,
hakuna aliyetoka na mkono.
La zamani nilimwambia Ekiru alichukue.
Akaliinamisha, akachungulia mgongoni:
"Hili bado, mama. Ni waya tu."
Nikajifanya sikumsikia.

Pengo langu ni sentimita hamsini na nane.
Jiko ni sitini.

Fundi Muthiani alikuja Ijumaa na nusu ya vifaa vyake.
Akatazama kabati, akafyonza,
akauliza lile swali la mafundi wote duniani:
"Nani aliwafanyia hii kazi?"
Ni yeye. Mwaka ule wa mvua kubwa.
Nikamwongezea chai.

Akakata kabati. Akakata tena.
Kichwa cha gesi kikaukataa mtungi wetu.
Plagi ilikuja na miguu miwili minene ya mviringo
na ukuta wetu una macho matatu ya mraba.
Muthiani akashuka dukani, akapanda, akashuka,
kila kushuka mia tano.
Nikampigia Gikandi. "Soma kitabu, mama."
Kitabu kina lugha tisa, Kiswahili hakimo,
ila mna picha ya mkono uliopigwa mstari mwekundu:
usiguse.
Nilikuwa nimeshagusa.

Saa mbili usiku stima zikapotea, mtaa mzima.
Tukakaa gizani, mimi, Barasa, Nekesa na fundi,
vumbi la mbao likitukereketa kooni,
tukila ugali na sukuma wa Bi Salome wa mlango wa pili,
uliopikwa kwa makaa matatu
kwenye jiko la bati lisilo na kitabu.
Muthiani aliomba aongezwe.

Jumamosi likawaka.
Moto wa buluu, pande zote nne.
Nikapiga makofi peke yangu jikoni.
Kisha sufuria ya chai ikaanza safari,
taratibu, kuelekea dirishani.
Mguu wa nyuma ni mfupi.

Nikatafuta kadibodi. Nikatafuta kipande cha mbao,
lakini Muthiani alikuwa amefagia vyote, kwa heshima.
Mwishowe nikaifungua bahasha ya Gikandi,
nikatoa cheti cha dhamana ya miaka miwili,
karatasi nzito, muhuri wa zambarau, sahihi mbili,
nikakikunja mara nne,
nikapiga magoti, nikakisukuma chini ya mguu.

Kimeshika.