Yuniti Zipo

Miaka minne nimeubeba mgongo wangu
kama mtu abebaye trei ya mayai
kwenye ngazi zenye utelezi.
Pini ikidondoka chini ya cherehani
namwita Shukuru, mtoto wa mpangaji mwenzangu,
aje aniokotee. Nampa mia.

Picha zote nimepiga.
Pale Mwananyamala daktari aliuning'iniza uti wangu dirishani,
mweupe, pingili juu ya pingili,
umenyooka kama mshono wa shati la ofisini.
"Umepona," akasema. "Tangu mwaka juzi."
Nikatoka nimepona,
nikashindwa kupanda bajaji.

Wifi yangu Skolastika, mkono ndani ya bakuli la dagaa:
"Hayo yako kichwani tu."
Ile "tu" iliniuma kuliko mgongo.

Leokadia, mtaalamu wa viungo,
siku ya kwanza hakunigusa.
Aliniuliza kama mita yetu ya Luku hulia.
Nikacheka. Yetu ya Magomeni ni mbovu,
hata uweke umeme wa elfu ishirini
inapiga pi, pi, pi, taa nyekundu, usiku kucha.
"Na giza huingia?"
"Haliingii."
Akanyamaza,
akaniacha nilitafune hilo hadi nyumbani.

Mlio ni wa kweli. Nataka hili lieleweke.
Sikio linausikia, usingizi unakatika,
unaamka na kwenda kuutazama ukutani.
Lakini mlio si giza.

Wiki ya tatu akauliza:
"Siku ulipoanguka, ulikuwa unawahi nini?"
Wengine wote waliuliza ni ngazi ngapi.
Ngazi saba, Mtaa wa Kongo,
robota la vitenge begani, simu sikioni,
na ndani ya simu dada akisema
mama hajaamka.
Nilianguka, nikainuka, nikahesabu vitenge.
Sare za msiba zilikuwa arobaini
na fundi wa ukoo ni mimi.
Wenzangu wakakaa mkekani.
Kama nililia sikumbuki.
Nakumbuka bobini iliisha uzi mara sita.

Sisemi mgongo ulidanganya.
Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka,
na nyoka alikuwepo, nilimwona.
Ila tangu siku ile unyasi umeota mji mzima:
ndoo ni unyasi,
kitanda ni unyasi,
dada akipiga simu, hata kunisalimia,
kiuno kinakaza kabla sijasema haloo.

Zoezi langu ni dogo hadi naona haya kulitaja:
kuinama.
Mara tatu, alfajiri, kabla joto halijaamka,
pumzi ikitoka polepole
kama ya mtu apulizaye mkaa asirushe majivu.
Na nikiwa kule chini nauambia mgongo,
bila ukali, kama unavyomwambia mgonjwa mwenzio wodini:
nimekusikia. Yuniti zipo.

Siku nyingine haukubali.
Jumanne nililala chali sakafuni, saruji ikiwa baridi,
nikamlilia mama kwa sauti,
miaka minne imechelewa,
mpaka Shukuru akachungulia mlangoni:
"Shangazi, mgongo tena?"
Nikamwambia siyo mgongo.
Kisha nikamwambia ndiyo.
Sijui mpaka wao umepita wapi.

Skolastika, umesema kweli, yako kichwani.
Hata njia ya kwenda kwako iko kichwani
na mashimo yake yote,
na bado nikipita najikwaa.

Leo kifungo cha shati la mteja kimedondoka,
kikabingirika, kikajificha nyuma ya mguu wa meza.
Shukuru tayari kasimama, mkono wazi.
Nikampa mia yake.
Nikainama mwenyewe.

Iliuma.

Nikainuka na kifungo,
na vumbi,
na pini tatu za mwaka juzi.