Batiki ya Theluji

Mtu asiniambie rangi ni maua.
Rangi ni unga wa kopo; ukivuta pumzi ovyo
utakohoa zambarau hadi Jumapili.
Nafunga barakoa, navaa glavu,
na bado kidole gumba cha kushoto ni buluu tangu Januari.
Keshia wa benki alikitazama, akanitazama,
akazihesabu noti zangu mara mbili.

Nilianza kwa sababu ya baridi tu.
Hapa Saskachewani kipupwe ni mpangaji sugu:
huingia Oktoba, halipi kodi, hatoki.
Basi la shule naliegesha saa kumi,
saa kumi na moja giza limeshafunga duka.
Orest anatazama hoki, anamfokea refa asiyemsikia.
Mimi nashuka chini ya nyumba, penye mashine ya kufulia,
na fulana nyeupe kwapani.

Pamba tupu. Polista ni mkaidi:
unamnywesha usiku kucha, asubuhi ameitema yote.
Loweka kwenye magadi, kikombe kwa ndoo,
kamua mpaka shingo ya fulana ilie.
Kisha bana kitovu cha nguo, zungusha,
zungusha,
mikunjo ijilaze kama mkate wa mdalasini,
ukaze kwa raba.
Raba natoa kwenye mafungu ya brokoli.
Tumekula brokoli msimu mzima
na Orest hajajua kwa nini.

Halafu natoka na sepetu
hadi pale mbwa wa jirani hafiki,
nachota theluji,
naifukia fulana juu ya wavu wa jiko,
na juu ya weupe ule nanyunyiza unga
kidogo, kama mtu anayeogopa chumvi.

Sasa ngoja.
Subira yavuta heri, husema watu;
hii yangu yavuta buluu.
Theluji inayeyuka tone, tone,
na unga mweusi, mmoja, wa kopo moja,
unaanza kusema siri zake:
waridi anatangulia mbio,
kijani anamfuata akijikwaa,
manjano anachelewa, anakaa pembeni.
Kumbe ndani ya mweusi walikuwa wanaishi watu wengi.

Ya kwanza iliharibika.
Ilitoka rangi ya maji ya kuoshea mabuti.
Orest huivaa akibadilisha oili.
Anasema ndiyo nzuri kuliko zote
na sijui kama ananitania.

Mwezi Machi nikashona, samahani, nikafunga nne,
moja yangu, moja ya Gwenda, ya Marusia, ya Bev,
tukaenda nazo kwenye mashindano
ya kuserereshea mawe juu ya barafu.
Wenzetu wa Kipling walikuja na sare za kijivu,
nywele zimebanwa, nyuso za mahakamani.
Tuliteleza tukiwaka kama duka la peremende.
Tukafungwa tisa kwa moja.
Ile moja, jiwe lilijipotelea lenyewe.

Lakini kwenye kahawa nahodha wao, Ingrun,
mwanamke mrefu asiyecheka,
alishika mkono wa fulana yangu kwa vidole viwili,
akaugeuza, akatazama upande wa ndani
kama anayekagua samaki,
akauliza: Magadi kiasi gani?

Jumamosi iliyofuata tulikuwa wanane kule chini,
ndoo zinagongana, mtu amekanyaga buluu
na ameipeleka hadi kwenye zulia la ngazi.
Theluji ya mwisho, chafu, yenye changarawe,
tuliigombania kwa masufuria.

Leo nimesuuza ya Ingrun, maana yeye alirudi kwao mapema.
Maji yametoka mekundu, yakatoka ya waridi,
yakatoka meupe.
Raba zingalipo. Sijafungua.
Kifurushi kimelala kwenye sinki, kizito, kimefumba,
na Orest, wa ajabu huyu,
amezima televisheni, ameshuka ngazi mwenyewe,
amesimama nyuma yangu na mkasi.


— Kata basi, anasema.