Chozi wa Amani

Niliacha daftari kwa mchapaji, Muheza,
duka lile la steshenari mkabala na stendi.
Jumamosi nikakuta kurasa kumi na nne, safi,
na sarufi imenyooshwa bila kuombwa:
kila "chozi wa Amani"
Zuhena kaifanya "chozi la Amani".

Basi ndege wangu wakawa maji ya macho.
"Chozi la kiume lilionekana saa moja na robo
juu ya msambu, likila buibui."
Jedwali la pili: machozi arobaini na moja,
miezi tisa, njia tatu za msituni.

Mhariri hataki mzaha. Anataka jina la Kilatini
kwa herufi za mlazo, marejeo kwa alfabeti,
na lile neno "nilifurahi" litoke.
Limetoka.

Usiku kucha narudisha wa, wa, wa,
kila ndege kwenye tawi lake,
hadi shukrani, ukurasa wa mwisho:
"Kwa marehemu Shekalaghe,
na kila chozi la Amani
tulilolihesabu pamoja hadi Machi."

Mstari huo nimeuacha
kama Zuhena alivyoupiga.