Miguu Niponye

Tulianza kumi na tisa, tukamaliza wanane.
Wa tisa alihamia meno, akasema
kinywani kuna pesa, na kinywa hakivai soksi.
Tulicheka. Kisha tukahesabu mikopo yetu
kimya, kila mtu na vidole vyake.

Kazi zipo. Hilo nilitangulize,
maana mama hulitanguliza
kwa kila anayekutana naye dukani kwa Prothero:
"Lowri wangu hakukaa hata wiki."
Kweli. Hospitali tatu ziliniandikia,
moja kabla sijarudisha joho la kukodi.
Hakuna anayegombania miguu ya wazee.
Mlango ulikuwa wazi,
na nyuma ya mlango, foleni inayofika Aprili.

Palikuwa na njia nyingine, Cardiff:
kliniki ya maua mabichi na taa za chini,
Bwana Tremlett mwenye saa pana kama kisosi.
"Hapa hakuna mshahara, kuna asilimia.
Mguu ukiingia, unakula. Usipoingia..."
akapanua mikono kama kasisi.
Nikamuuliza, je, nikiugua?
Akanitazama viatu.

Nikachagua hospitali, kipandio cha chini
cha ngazi iliyochorwa kwenye karatasi.
Mjomba Gethin, fundi bomba, aliisoma karatasi ile
mara mbili, miwani juu ya paji.
"Hii ni ya mwaka mzima?"
Ya mwaka mzima.
Akanilipia chai.

Chumba juu ya duka la samaki hula theluthi.
Gari hula kingine na kulamba sahani,
maana mabonde haya hayana huruma
na basi la saa mbili halijui wagonjwa wa majumbani.
Mkopo wa chuo hukatwa kabla sijauona mshahara,
kama jirani anayeonja mchuzi
kabla ya mwenye chungu.
Viatu vya kazi nimenunua vya bei:
siwezi kuhubiri nisichovaa.

Alhamisi ya mwisho wa mwezi, mvua,
akaingia Bwana Idwal Beddoe,
aliyechimba makaa hadi shimo likafungwa,
kisha akawavusha barabara watoto wa shule.
Soksi ya kulia ilikuwa imegandamana na nyama.
"Hauniumi," alisema kwa fahari,
na hapo ndipo moyo uliponishtuka:
mguu wa mwenye sukari usiouma
ni nyumba inayoungua usiku, wenyewe wamelala.

Nikailowesha soksi, uzi kwa uzi.
Chini ya gaga la kisigino, chini ya sugu,
tundu la ukubwa wa kifungo cha shati,
na ndani yake kipande cha chupa, cha kijani.
Siku kumi na moja alikikanyaga
akienda kununua gazeti.
Nikakwangua nyama iliyokufa, kisu kikiwa kimelala,
kama tulivyofundishwa juu ya miguu ya plastiki
isiyosimulia raga.
Yeye alisimulia raga.
Nikatafuta mapigo juu ya wayo kwa vidole viwili.
Hayapo. Hayapo.
Yapo: hafifu, kama mtu anafagia ua wa tatu.

Anayekimbia huiambia miguu yake, niponye.
Siku ile miguu ndiyo iliyoniambia mimi.

Nikapiga simu ghorofa ya juu, nikapaza sauti
kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe.
Kitanda kikapatikana.

Akisubiri kiti cha magurudumu aliniuliza:
"Wanakulipa vizuri, binti?"
Nikasema, wananilipa.
"Nasi tulikuwa tukijibu hivyo hivyo," akasema, "kule chini."

Jioni, hati ya mshahara ikaingia kwenye simu,
na nyuma yake picha ya Anwen, Perth,
pekupeku mchangani, kliniki yake mgongoni.
"Njoo. Huku wanalipa karibu mara mbili. Na jua."
Nikaandika: Labda.
Nikafuta.
Nikaandika tena, nikaiacha hapo bila kuituma,
nikavua viatu,
nikajitazama kisigino, kwa desturi tu,
nikaona ufa.